Ziwa Moja, Nchi Tatu: Faida ya Kutafiti na Kuamua Pamoja

Mhadhara wa umma, Chiwanda, Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma

 

Nimeombwa nizungumzie faida ambazo nchi jirani hupata zinaposhirikiana katika utafiti na katika kutunga sera. Mada hii imezoea kumbi za mijini, na mifano yake mara nyingi huletwa kutoka Ulaya. Mimi naona mahali pake ni hapa. Ukishika njia ya kusini kutoka Chiwanda, muda si mrefu uko mpakani mwa Msumbiji. Ukitazama magharibi, ng'ambo ya maji ya Ziwa Nyasa ni Malawi. Usipa unaowavua leo usiku kwa karabai hawajui wako kwenye maji ya nani. Kwa hiyo swali langu si kama tushirikiane au tusishirikiane. Ziwa limeshatuunganisha. Swali ni kama tutalijua ziwa hili kwa pamoja, au kila mmoja atashika kipande chake na kudhani amelishika lote.

Nianze na kungu. Nyote mnawajua wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi, mtu wa mbali akadhani kuna meli inaungua. Upepo ukiwaleta nchi kavu watu huwanasa kwa vikapu na sufuria, wakawafinyanga mikate, wakaila kwa ugali. Kabla ya kuota mbawa, kungu ni buu linaloishi majini. Mchana hushuka chini sana, kwenye maji yasiyo na oksijeni, ambako samaki hawezi kumfuata. Usiku hupanda juu kula vidudu vidogo vya majini. Ziwa letu lina kina cha mita 700 hivi, na kuanzia takriban mita 200 hadi 250 kwenda chini hakuna oksijeni ya kumtosha samaki. Huko ndiko maficho ya buu la kungu.

Sasa sikilizeni jinsi mdudu huyu alivyotaka kubadilisha maisha ya pwani hii. Mwaka 1982 mtaalamu mmoja wa uvuvi aliyefanya kazi Malawi aliandika ripoti yenye hoja iliyoonekana haina mshindani. Ziwa Tanganyika halina kungu, lina dagaa wengi, na mavuno yake ni makubwa. Ziwa Nyasa lina kungu wanaomaliza chakula cha samaki, kisha wanaruka na kwenda zao. Basi, waliosema wakasema, tuchukue dagaa wa Tanganyika tuwapande Nyasa, wawale kungu na chakula cha kungu, nasi tuwavue dagaa. Wengine walipinga vikali, wakihofia mamia ya aina za samaki zinazopatikana katika ziwa hili tu na si kwingine duniani. Lakini pande zote mbili zilikuwa zinabishana bila vipimo. Hakuna aliyekuwa amelipima ziwa lote, katikati yake, kwa misimu yote.

Kipimo kilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchi tatu, Malawi, Msumbiji na Tanzania, chini ya jumuiya ya SADC na kwa fedha za Uingereza, ziliendesha mradi wa kutathmini samaki wa maji ya kati. Kituo kilikuwa Senga Bay, upande wa Malawi. Meli ya utafiti iliitwa Usipa, nayo ilizunguka ziwa kaskazini na kusini, magharibi na mashariki, ikipima samaki kwa mawimbi ya sauti, ikivuta nyavu usiku, na watafiti wakipasua matumbo ya samaki kuona wamekula nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba hakuna chakula kinachopotea bure. Samaki waitwao ndunduma na ndugu zao wa maji ya kina wanawala mabuu ya kungu. Usipa wachanga wanakula vidudu vidogo vilevile vilivyodaiwa kumalizwa na kungu. Nafasi iliyosemwa iko wazi ilikuwa na wenyewe. Kuleta dagaa wa kigeni kungekuwa kuwanyang'anya chakula samaki tulionao, kwa matumaini ya faida ambayo hesabu haikuiona.

Mpango ule ukaachwa. Ndugu zangu, hii ndiyo faida ninayotaka muione, kwa sababu haionekani kwa macho. Hakuna jengo, hakuna daraja, hakuna jiwe la msingi. Kuna ziwa ambalo bado lina usipa wake, mbasa wake, magege wake, kwa sababu nchi tatu zilikubali kupima kwanza na kuamua baadaye.

Tazameni walikopanda samaki bila kuulizana. Zambia ilipanda dagaa wa Tanganyika katika bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968. Wanaitwa kapenta huko, na Kariba walileta riziki nyingi, nisiwanyime haki yao. Lakini samaki hao walishuka na maji ya Zambezi wakaingia bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Msumbiji haikuwapanda wala haikuulizwa. Kule mambo yakaenda vizuri. Ingekuwa vibaya, nani angelipa?

Ziwa Viktoria lilikwenda vibaya na vizuri kwa pamoja, na habari yake inatuhusu zaidi. Tangu mwaka 1947 ziwa hilo lilikuwa na kituo cha pamoja cha utafiti wa samaki huko Jinja, Uganda, kilichohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Sangara aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960. Kwa miaka mingi hakuonekana kuwa tishio. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na taasisi ile ya pamoja ikafa nayo. Kila nchi ikabaki na watafiti wake wachache na daftari zake. Na ni katika miaka hiyohiyo, kuanzia karibu 1980, sangara alipolipuka, na samaki waitwao furu, ambao walikuwa na mamia ya aina, wakatoweka wengi wao mbele ya macho ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa Mwanza. Wakati ziwa linabadilika kuliko wakati mwingine wowote, hakukuwa na taasisi ya pamoja ya utafiti ya kulitazama kwa ujumla wake. Nchi tatu zilisaini mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria tarehe 30 Juni 1994. Kutoka 1977 hadi 1994 ni miaka 17. Sisemi kituo cha Jinja kingemzuia sangara, maana alishapandwa. Nasema nchi zile zingejua mapema, na zingekubaliana mapema juu ya macho ya nyavu, viwanda na mazalia.

Nirudi kwetu. Baada ya mradi ule wa samaki ulifuata mwingine wa nchi tatu zilezile, wa kuhifadhi uhai wa ziwa, uliofanya kazi hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wake walipima maji ya mvua na vumbi linaloanguka juu ya ziwa. Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya rutuba inayoingia ziwani haipiti mtoni hata kidogo. Inatoka angani, katika vumbi na majivu. Tunapochoma nyika upande wetu, wenzetu wa Msumbiji wanapochoma Niassa, na Malawi wanaposafisha mashamba, moshi ule unapanda na kuanguka juu ya maji ya wote. Mwani ukizidi, maji hugeuka rangi na samaki wa miambani hukosa mwanga wanaouhitaji. Sheria ya moto ya nchi moja, hata ikitekelezwa kwa ukali gani, haiwezi kutosha.

Mito nayo. Zaidi ya nusu ya maji ya mito yanayoingia ziwani hutoka Tanzania, na mkubwa wao ni Ruhuhu, unaomwaga maji yake kati ya Manda na Lituhi. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Shire, na karibu umeme wote wa Malawi umetegemea maporomoko ya mto huo. Kati ya mwaka 1915 na 1935 ziwa lilishuka hata Shire ukaacha kutoka. Kwa hiyo mvua inayonyesha Mbinga, Songea na Ludewa ni taa zinazowaka Blantyre. Mmalawi ana haki ya kujua kipimo cha maji ya Ruhuhu kama sisi tulivyo na haki ya kujua wavuvi wa Salima, Malawi, wanavua usipa kiasi gani.

Na hapa mkoani, Mbinga, tuna la kuwafundisha majirani. Wamatengo wamelima miteremko yao kwa ngoro tangu enzi za mababu: nyasi hufyekwa, hupangwa kwa miraba, hufukiwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Mvua ikinyesha maji hutua shimoni badala ya kukimbia na udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, walilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1990 wakathibitisha walichokijua wazee. Huko Malawi mto Linthipe unabeba udongo mwingi kutoka kwenye mashamba yaliyo wazi na kuumwaga ziwani. Ingefaa wakulima wa Linthipe waone ngoro za Litembo kwa macho yao.

Wao pia wana la kutufundisha, na ni la afya. Cape Maclear, upande wa Malawi, watafiti waligundua kwamba kichocho kiliongezeka baada ya samaki wanaokula konokono kuvuliwa kupita kiasi karibu na ufukwe. Konokono walizidi, na kichocho husambazwa na konokono. Kokoro linalokomba kila kitu ufukweni linaweza basi kumfikisha mtoto zahanati. Utafiti ule haukufanyika Tanzania, lakini watoto wetu wanaoga maji yaleyale. Maofisa afya na maofisa uvuvi wa wilaya hii wangeufanyia kazi bila kungoja utafiti mpya.

Kwa nini basi ushirikiano wa nchi zetu tatu umepoa? Fedha za wafadhili ziliisha, na serikali zetu hazikuchukua nafasi yao. Rasimu ya mkataba wa nchi tatu iliandikwa, na haikufika mwisho. Kisha kuna mpaka. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890 na kusema mpaka ni ufukwe wetu huu. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji. Mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, maneno yalikuwa makali, hata viongozi wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaombwa kusuluhisha. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wanaohusika waendelee kuzungumza. Upande wa Msumbiji, Waingereza na Wareno walikubaliana mpaka wa katikati mwaka 1954, kwa hiyo suluhu si ndoto. Lakini idadi ya usipa, joto la maji na kina cha Ruhuhu havisubiri majaji. Vinaweza kupimwa leo na nchi zote tatu bila yeyote kukiri lolote kuhusu mstari.

Ziwa Tanganyika linatuonyesha njia. Nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilisaini mkataba wa usimamizi wa pamoja mwaka 2003 na kuunda mamlaka yenye makao Bujumbura. Kwa makubaliano yao, mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wavuvi wa Kigoma waliumia, na sitaki mtu awaambie kwamba miezi mitatu bila kipato ni kitu kidogo. Lakini kufunga kunakofanywa na nchi moja huwa adhabu kwa raia wake na zawadi kwa jirani. Kufunga pamoja ndiko kunakompa samaki nafasi ya kuzaa. Hapa kwetu mbasa hupanda Ruhuhu kutaga wakati wa mvua. Tukimlinda mtoni peke yetu, akashuka ziwani akakutana na nyavu zisizo na sheria, tumelinda bure.

Ninachoomba ni kitu kidogo, na kinalipika. Kituo cha Kyela cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), watafiti wa Monkey Bay, Malawi, na wenzao wa Metangula, Msumbiji, wakubaliane fomu moja ya kupima mavuno, vipimo vile vile, mwezi ule ule, na wachapishe matokeo pamoja kila mwaka, kwa Kiswahili, Chichewa na Kireno, ili mvuvi asome. Serikali zetu tatu zilipe gharama hiyo kutoka bajeti zao, isitegemee mfadhili atakayeondoka. Nanyi wa kikundi cha usimamizi wa ufukwe (BMU) cha Chiwanda, msingoje waraka. Majirani zenu wa Msumbiji wako karibu tu. Anzeni nao daftari moja la mavuno ya usipa mwezi huu, na nakala yake mpelekeeni mkurugenzi wa wilaya na Kyela.