Mfanyakazi ni Kioo cha Msimamizi Wake



Tumetakiwa leo tuseme machache juu ya lalamiko lisilokwisha vinywani mwetu sisi tunaosimamia kazi, kwamba wafanyakazi wamekosa moyo. Wanachelewa, wanatoa udhuru kila siku, na mkubwa akigeuka kazi husimama. Upesi tunahukumu kwamba watu hawa ni wavivu kwa tabia. Je, ndivyo? Natutazame kisa kimoja.

Katika mji wa Fremont, jimbo la California nchini Marekani, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari chenye sifa mbaya. Kwa siku ya kawaida, kiasi cha mfanyakazi mmoja katika kila watano hakufika kazini. Wapo waliolewa kazini, na wapo walioharibu magari kwa makusudi. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa.

Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota ya Japani, na uendeshaji ukawa mikononi mwa Toyota. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kile kile. Lakini haukupita muda mrefu utoro ukashuka hadi kiasi cha asilimia 2, na ubora wa magari ukakaribia ule wa viwanda vya Japani.

Basi ni nini kilichobadilika? Zamani ilikuwa mwiko kuusimamisha mstari wa kuundia magari. Gari lenye kasoro liliachwa lipite, lirekebishwe mbele. Aliyeona kosa alijifunza kunyamaza. Chini ya uongozi mpya iliwekwa kamba: aonaye tatizo aivute, kiongozi wa kundi aje kumsaidia, na ikibidi kazi yote isimame. Wala hakukaripiwa kwa kuivuta. Tena wakubwa na wadogo walikula katika ukumbi mmoja. Na mwaka 1988 biashara ilipodorora, hawakufukuzwa. Walipewa mafunzo na kazi za kukiboresha kiwanda.

Hatusemi kwamba usimamizi mwema ni kinga ya kila msiba. General Motors ilijitoa katika ubia huo mwaka 2009, na uzalishaji ukakoma mwaka 2010. Lakini kwa robo karne watu walioitwa wavivu walithibitisha kwamba hawakuwa hivyo.

Ndugu wapendwa, fundisho ni hili. Mtu anayelazimishwa kufanya kazi mbovu kila siku hatimaye huidharau kazi yenyewe, kisha humdharau aliyemlazimisha. Mshahara ni haki yake, na kuuchelewesha ni dhuluma. Lakini hata alipwaye vizuri huvunjika moyo akiona kwamba macho yake hayathaminiwi na ulimi wake umefungwa.

Kwa hiyo, kabla hatujaandika barua nyingine ya onyo, tujiulize sisi wenyewe: Mara ya mwisho mfanyakazi alipotuletea habari ya kosa, tulimshukuru au tulimfokea? Je, amepewa vifaa vya kazi tunayomdai? Je, anazijua sababu za maagizo yetu, au anasikia amri tu?

Uongozi ni dhamana. Wahenga walisema samaki huanza kuoza kichwani. Basi tuanze kukisafisha kichwa, na kichwa hicho ni sisi.