Kutoka Kisanga hadi Chuo cha Fiziotherapia

Msikilizaji wetu wa Kisanga, mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne, ifikirie kazi ya fiziotherapia. Aliyepooza nusu ya mwili au kuvunjika mguu kwa ajali ya bodaboda hatoshelezwi na vidonge. Anahitaji mtu wa kumfundisha kutembea upya. Huyo ndiye mtaalamu wa fiziotherapia, si mkandaji wa mtaani! Kozi ya fiziotherapia hufundishwa katika chuo cha hospitali ya KCMC, Moshi. Ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia ndio mlango wake. Maombi ya stashahada husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), ya shahada na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Mzazi, kabla hujamlipa wakala yeyote wa maombi ya chuo, hakikisha chuo kimesajiliwa, kisha mpeleke kijana hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, akaulize kazi za afya zilivyo.