Mnunuzi wa Kwanza: Ununuzi wa Umma katika Mkakati wa Kuzalisha Ajira kwa Ubunifu

Mada kwa semina ya maofisa ununuzi, biashara na maendeleo ya jamii wa halmashauri

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie mkakati wa Serikali wa kuzalisha ajira kupitia ubunifu. Naomba ieleweke mapema kuwa haya ni maoni yangu ya kitaalamu, si tamko la taasisi ninayoitumikia.

2. Maana na mfumo uliopo

Maana ya ubunifu na ya ujasiriamali imo kwenye makabrasha yenu, sitawasomea. Taasisi mnazijua: SIDO tangu 1973, TEMDO na CAMARTEC kule Arusha, COSTECH iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Tangu 2019 tuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya kuibua wabunifu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa 2023 ukarejeshwa 2024. Kuibua tunaibua, kukopesha tunakopesha, na kila Nane Nane mabanda yanajaa. Mimi nataka tujadili nani ananunua.

3. Mnunuzi wa kwanza

Mashine ya kwanza haiajiri mtu. Hutengenezwa na fundi mmoja, tena usiku baada ya kazi za wateja, kwa vyuma vya kuokoteza. Ajira huanza siku oda ya mashine kumi inapoingia. Hapo ndipo anapohitajika kijana wa kukata bati, wa kuchomelea, wa kukereza shafti, wa kupiga rangi, na mwingine wa kwenda vijijini kuifunga mashine na kuwafundisha watumiaji. Kwa zana za kilimo, mwenye uwezo wa kuweka oda ya namna hiyo wilayani mara nyingi ni halmashauri, au mradi unaopitia halmashauri.

Nitoe mfano. Fundi mmoja ninayemfahamu anatengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Amebadili matundu ya ungo wake ili mahindi yasiyokauka vizuri yasikwame, akaiweka kwenye magurudumu ivutwe na pikipiki kutoka shamba hadi shamba. Msimu wa mavuno wakulima hupanga foleni kuikodi. Halmashauri moja ikatangaza zabuni ya mashine kama hizo kwa ajili ya vikundi. Fundi akajisajili kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, akapata TIN na leseni, akafika kwenye vigezo, akakwama. Alitakiwa aonyeshe kwamba ameshaiuzia taasisi ya umma bidhaa ya aina hiyo miaka mitatu iliyopita. Sifa za kiufundi zilikuwa zimenakiliwa kutoka kijitabu cha mashine ya nje, hadi kipenyo cha puli. Kisha ikatakiwa barua ya idhini kutoka kwa mtengenezaji. Aliniuliza kama anaruhusiwa kujiandikia mwenyewe. Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Zabuni ilikwenda kwa mwagizaji.

Sisemi kwamba ofisa ununuzi yule alikosea. Alifuata kabrasha la zabuni aliloachiwa. Akinunua mashine ya nje kwa bei kubwa, nyaraka zikiwa kamili, hakuna hoja ya ukaguzi. Akinunua kwa fundi asiye na historia, hoja inamsubiri. Tusimlaumu kwa kujilinda ilhali hatujampa kinga yoyote ya maandishi.

Sheria yenyewe si kikwazo. Ununuzi wa umma una upendeleo kwa bidhaa za ndani, na asilimia 30 imetengwa kwa makundi maalumu. Lakini tazameni vikundi vinapewa nini: shajala, vyakula, sare. Vinanunua dukani na kuuza ofisini. Kikundi kinachotengeneza ni nadra.

Halafu kuna malipo, na hapa naomba mnivumilie. Chuma hakikopeshwi. Fundi mwenye LPO mkononi hununua bati, beringi na injini kwa fedha taslimu, hukabidhi mashine, halafu huanza kuzungushwa: leo mfumo haufunguki, kesho kifungu hakina fedha, keshokutwa mwenye kusaini yuko safari. Miezi inapita. Vijana aliowafundisha kuchomelea hawawezi kusubiri. Wanahamia kwenye bodaboda. Kwenye taarifa yetu wale vijana bado wanahesabiwa kuwa wameajiriwa.

Na tunaweza kufanya vinginevyo. Fedha za UVIKO-19, Sh trilioni 1.3, zilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache kuanzia mwishoni mwa 2021, sehemu kubwa kwa mafundi wa mitaani kupitia force akaunti. Hakuna aliyemwuliza mchomeleaji wa madirisha barua ya mtengenezaji.

4. Mapendekezo

(i) Sifa za kiufundi zieleze kazi: magunia mangapi kwa saa, punje ngapi zinavunjika, mafuta kiasi gani. Kipenyo cha puli tumwachie fundi.

(ii) Matokeo ya majaribio ya CAMARTEC au SIDO yakubalike badala ya uzoefu wa miaka mitatu.

(iii) Barua ya idhini ya mtengenezaji iondolewe pale mzabuni anapokuwa ndiye mtengenezaji.

(iv) Ndani ya ile asilimia 30 uwepo mgawo wa wanaotengeneza, si wanaosambaza tu.

(v) Mamlaka ya udhibiti wa ununuzi wa umma (PPRA) itoe mwongozo wa maandishi kuhusu hayo yote, ili ofisa ununuzi awe na cha kumwonyesha mkaguzi.

(vi) Malipo ya awali yalipwe moja kwa moja kwa muuza chuma, na salio lilipwe ndani ya siku 30 tangu kukabidhiwa. Nalirudia kwa makusudi: siku 30.

(vii) Mikopo ya asilimia 10 ianze na karakana zenye oda mkononi.

(viii) Washindi wa MAKISATU wapewe oda pamoja na hundi.

(ix) Taarifa za robo mwaka zihesabu mashine zilizouzwa na vijana waliolipwa mwezi huo. Idadi ya wabunifu walioibuliwa tunayo ya kutosha.



Ndugu Mwenyekiti, kama muda hautatosha kujadili yote, naomba tuchukue la tatu. Halihitaji bajeti wala sheria mpya, na mipango ya ununuzi ya mwaka ujao bado haijafungwa.