Maji Yaingiapo Nyumbani: Wajibu wa Mwenye Nyumba na wa Mpangaji

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya jambo lililoleta ugomvi mwingi katika chama chetu tangu masika yaliyopita, nalo ni hasara ya maji katika nyumba za kupanga. Wengi wenu mwajua ya kuwa wanachama wawili, mama mjane mwenye nyumba ya vyumba sita, na mpangaji wake, walifikia hata kukataa kukaa mkeka mmoja matangani. Chama kilichoundwa ili watu wazikane hakiwezi kulinyamazia jambo kama hilo.

Habari yenyewe ni hii. Bati lilitoboka kwa kutu, na mvua ya mwezi wa Mei ikaingia chumbani. Mpangaji akapoteza godoro na vitabu vya shule vya watoto, kisha akazuia kodi ya miezi miwili pasipo kuandika hata barua moja. Mama naye, ambaye hana pato jingine ila kodi hiyo, akatia kufuli mlangoni. Kila mmoja alipofika ofisini alikuwa na hakika ya haki yake, na kila mmoja alikuwa na nusu ya haki.

Tuanze na paa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, yasema ya kuwa ikiwa iliyopangishwa ni sehemu tu ya jengo, basi kutengeneza paa, kuta kuu za nje na mifereji mikuu ya maji machafu ni juu ya mwenye nyumba. Na nyumba zetu nyingi hapa ndizo hizo: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani choo na bomba la wote. Haiwezekani mpangaji wa chumba kimoja aambiwe apande kuezeka mabati yanayofunika vyumba vya wenziwe. Sheria hiyo yataka pia chumba cha kukaa watu kiwe chafaa kukaliwa, siku ya kuingia na siku zote za upangaji. Wala tusidanganyane: hewa ya bahari hula misumari na mabati upesi, kwa hiyo mwenye nyumba anayengoja kuona tundu amekwisha chelewa. Afadhali apandishe fundi mwezi wa Februari, kabla ya masika. Nyumba ya udongo na boriti yataka uangalizi zaidi, maana maji yakipenya juu ya ukuta huulainisha udongo kwa ndani, na mtu haoni kitu mpaka ukuta umevimba.

Wako watakaosema, "Mimi nina nyumba tu, ardhi si yangu." Ni kweli, desturi ya nyumba bila ardhi ni ya zamani katika mji huu. Lakini mpangaji hamjui mwenye ardhi. Amjua yule apokeaye kodi ya chumba, naye ndiye wa kujibu.

Hata hivyo, yako maji yasiyotoka juu. Hapa ambapo maji ya bomba huja kwa zamu, mtu hufungua bomba akalikuta kavu, akaliacha wazi akaenda zake kazini. Maji yarudipo hakuna mtu, na nyumba yafurika. Hasara hiyo ni ya aliyeliacha bomba wazi, hata kama bomba ni la mwenye nyumba. Hali kadhalika yeye azibaye mfereji kwa mafuta na makombo. Bomba likipasuka ukutani kwa uzee, hilo ni jambo jingine, na mpangaji hana lawama.

Sheria yasema tena ya kuwa nyumba ikiharibiwa na gharika au ajali nyingine hata isifae kukaliwa, pasipo uzembe wa mpangaji, kodi au sehemu yake ya haki husimama mpaka itengenezwe. Lakini tundu la kutu si gharika. Hapo ndipo mpangaji wetu alipokosea. Na kumtoa mtu nyumbani ni kazi ya amri ya mahakama, si ya kufuli. Hapo ndipo mama alipokosea.

Tulipouliza zaidi tulipata kujua ya kuwa tone la kwanza lilionekana mwezi wa Machi, mpangaji akategesha beseni akanyamaza. Mwenye nyumba hawezi kulaumiwa kwa tundu asilolijua; akiisha ambiwa, kila siku anayokawia ni juu yake. Kwa hiyo Halmashauri iliamua kufuli liondolewe siku ile ile, mama akopeshwe na chama fedha za mabati, na mpangaji alipe kodi yote ila nusu ya bei ya godoro. Vitabu ni hasara yake mwenyewe, kwani aliviacha chini ya tone alilolijua. Wazee wawili hawakuridhika na neno hilo la vitabu, na twakiri ya kuwa hoja yao ina uzito, maana watoto hawakuwa na kosa.

Tangu sasa liko daftari mezani pa karani kila Jumamosi asubuhi. Mwanachama aonaye maji nyumbani ataandika tarehe na mahali yanapotokea, nasi tutampelekea mwenye nyumba nakala, atie sahihi ya kupokea. Asiyejua kuandika ataandikiwa bila malipo.