Kuipenda Kenya Tukiwa Garissa

Hotuba ya kwaya katika Jubilei ya Miaka 25, Sikukuu ya Jamhuri

 

 Wengine mmetuuliza kwa nini tumeanza jubilei na Wimbo wa Taifa badala ya wimbo wa kanisa. Tunaomba kujibu.

Kwanza, wimbo ule ni sala. Pili, ni wimbo wa huku kwetu. Sauti yake ilitoka kwa Wapokomo, majirani zetu wa kando ya mto Tana, na ulikuwa wimbo wa mama wa kumbembelezea mtoto. Mwaka 1963 wanamuziki wa Kenya waliichukua sauti hiyo, wakaitilia maneno ya kuliombea taifa. Na mama hambembelezi mtoto aliyetulia. Humbembeleza anayelia.

Upande huu wa nchi umelia sana. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi huo haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki. Haikuondolewa hadi 1991. Novemba 1980, hapa mjini, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto na vikosi vya serikali, na watu wengi wakauawa. Kwa miaka mingi kijana wa huku akiomba kitambulisho alihojiwa maswali ambayo mwenzake wa Nyeri hakuulizwa. Ndiyo maana utamsikia mzee akipanda basi la Nairobi akisema, "Ninaenda Kenya."

Wengi wetu tulikuja Garissa kwa kazi: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara. Maneno hayo ya mzee yalituchekesha. Kisha kilio kikaingia kwetu. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa watu wakiwa ibadani. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Msaada ulichukua saa nyingi kufika. Jioni ile tulikuwa tufanye mazoezi ya mwisho ya nyimbo za Pasaka. Hatukuimba. Tuliketi tu, na mmoja wetu akauliza, "Hii kweli ni nchi yetu?" Hapo tukamwelewa yule mzee.

Leo tuna neno la kutubu mbele yenu. Aprili 2014, Wasomali waliposakwa Nairobi na kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, sisi tulinyamaza. Tuliona si shida yetu. Hatukuwaombea hata Jumapili moja. Majirani zetu, tusameheni.

Tunaomba msamaha tukijua kwamba ninyi hamkutunyamazia. Baada ya makanisa kushambuliwa mwaka 2012, viongozi wa Kiislamu walisema vijana wao watayalinda. Desemba 2015, karibu na El Wak, wavamizi walisimamisha basi la Mandera na kutaka abiria watengwe, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, na Januari 2016 akafariki. Hakuwa wa kanisa letu, lakini alitufundisha kuipenda nchi: ni kukataa mwenzako atengwe nawe.

Bwana wetu aliupenda mji wa Yerusalemu, na alijua dhambi zake zote. Hakuukana wala hakuusifu uongo. Aliulilia. Basi nasi tusidhani kwamba anayetaja makosa ya Kenya anaichukia, wala tusidhani kwamba anayepeperusha bendera amemaliza kazi. Kama shule ya kijijini haina mwalimu, tuulize. Kama jirani ameonewa, tusimame naye kabla zamu yetu haijafika. Na kila Alhamisi tukikutana kwa mazoezi, tutaomba kwanza kwa ajili ya mji huu, tukiwataja waliouawa mwaka 1980 pamoja na wale wa 2015, kwa sababu wote ni watoto wa nchi moja.

Sasa tunawaomba tusimame sote, tuuimbe tena Wimbo wa Taifa, beti zote tatu, kwa sauti ya chini, kama mama anayembembeleza mtoto.

Mungu aibariki Garissa. Mungu aibariki Kenya. Amina.