Risala ya Kikundi Kutimiza Miaka Kumi: Wazee na Wagonjwa Wetu wa Majumbani



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Tunawakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambao hisa zao tuliwakabidhi watoto wao bila kupungua hata senti moja.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Habari za hisa, mikopo na sanduku letu la kufuli tatu zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Leo tunasema jambo moja tu: huduma ya wazee na wagonjwa majumbani.

Kama mjuavyo, sisi ni watu wa korosho. Ikifika Oktoba kila mwenye nguvu yuko shambani anaokota. Vijana wetu wengi wako Mtwara mjini na Dar es Salaam. Sasa mama mzee aliyepooza abaki na nani? Kumtunza mtu wa kitandani si kumpa uji tu. Lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda, aogeshwe, na nguo zake zifuliwe. Na kule juu Newala maji si ya kuchezea. Mchanga unameza mvua yote, kwa hiyo ndoo moja ni safari au ni fedha.

Kazi hii hatukuianzisha sisi. Wakati wa UKIMWI, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, akina mama wa vijijini walihudumia wagonjwa majumbani, wengi wao bila glavu wala posho. Sisi tumerithi kazi, tukaiwekea utaratibu.

Utaratibu wenyewe ulitokana na machungu. Mwenzetu mmoja alipata msichana wa kumwangalia mama yake kwa kupigiwa simu na mtu asiyemfahamu vizuri. Siku moja alirudi shambani jioni akakuta mlango umefungwa kwa nje, mama yuko peke yake, ndoo tupu. Tulimtafuta yule msichana kwa hasira. Tulipompata alikuwa analia. Miezi miwili hajalipwa, fedha za ndugu wa mjini zinaishia njiani, na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kumwinua mtu mzima. Jamani, tulikwenda kugomba, tukarudi kimya. Wote wawili walikuwa wamedhulumiwa.

Ndipo tukaanzisha orodha yetu ya wahudumu katika kundi la WhatsApp. Wenye vitochi wanapigiwa na katibu. Masharti ni haya:

Kwanza, jina haliingii mpaka wanachama wawili wamdhamini mhusika, kama tunavyodhaminiana mikopo.
Pili, tunaona kitambulisho chake cha NIDA na tunafika kwao.
Tatu, anafanya kazi kwanza pamoja na mwenzetu mzoefu.
Nne, malipo yanapitia kwa mweka hazina kwa njia ya simu, na pande zote mbili zinapata ujumbe.
Tano, anapumzika siku moja kwa wiki. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka saa 24 mfululizo. Siku hiyo familia ishike zamu.

Hata hivyo tulikosea. Mwenzetu aliandika kundini ugonjwa wa mzee fulani, na kabla jua halijazama habari zilishafika sokoni. Familia ilikasirika, nayo ilikuwa na haki. Tulikwenda kuomba radhi. Tangu siku hiyo kundini tunaandika mtaa na aina ya kazi basi. Ugonjwa unasemwa ana kwa ana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Wapo kati yetu wanaosema kumtunza jirani hakulipwi, ni undugu. Tunawaheshimu. Lakini mara nyingi undugu huo hubebwa na binti aliyekatishwa shule, au na mjane asiye na mkorosho hata mmoja. Anayetuchotea maji tunamlipa. Anayemgeuza mama yetu usiku kucha je?

Ndugu Mgeni Rasmi,
Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo nguzo ya kuwatunza wazee. Sisi tunakubali, ila nguzo nayo huchoka. Tunaomba mambo mawili: wauguzi wa zahanati wawafundishe wahudumu wetu kumwinua mgonjwa na kutambua dalili za hatari, na tusaidiwe glavu na sabuni wakati wa msimu.

Nasi tunaahidi kwamba korosho zikishauzwa, sehemu ya mfuko wa jamii itawalipia wahudumu wale wazee wasio na mtoto wa kuwatumia fedha.

Yule msichana tuliyemkuta analia yuko hapa leo. Yeye ndiye anayewafundisha wapya. Kidole kimoja hakivunji chawa.