Mafuta Yanayotengenezwa Moshi: Pongezi kwa Walimu na Watumishi wa KCMC

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya watumishi wa Diakonia, wauguzi wa zahanati na wazazi.)



Tumepewa dakika 20 kuzungumzia mafanikio ya kitaaluma ya walimu na watumishi wa chuo cha KCMC. Likitajwa neno hilo, wengi wetu tunaona majoho, vyeti na profesa anayesoma andiko lake ng'ambo. Hayo yapo na si ya kubezwa. Lakini sisi leo tumekuja na chombo kimoja kidogo cha mafuta. Hiki hapa. Kipitisheni, wa mbele ampe wa nyuma, kisha kirudi, maana kina mwenyewe.

KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Mwaka 1992 pakaanzishwa hapo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi. Madaktari bingwa wa ngozi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na kusubiri wasomeshwe wa kutosha kila wilaya ingekuwa kusubiri kizazi kizima. Basi kituo kikawachukua maofisa tabibu waliokwisha kufanya kazi wilayani, kikawafundisha miaka miwili, kikawarudisha walikotoka. Baadaye wakaja na madaktari wa kusomea ubingwa. Wanafunzi wametoka Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika. Kwa maoni yetu uamuzi ule wa kuanza na ofisa tabibu unazidi tuzo yoyote, kwa sababu huyo ndiye mgonjwa wa kijijini anayemkuta mezani.

Sasa tuje kwenye mafuta. Mtu mwenye ualbino hana, au anayo kidogo mno, ile rangi ya ngozi inayozuia mionzi ya jua. Jua letu linaanza kumuumiza tangu utotoni. Kwanza ngozi inakauka na kupata madoa, kisha magamba magumu, kisha kidonda kisichopona, hasa kwenye masikio, midomo, uso na shingo. Kidonda hicho kikiachwa huweza kuwa saratani. Zamani wengi walifika hospitali saratani ikiwa imekwisha kula sikio au shavu, na wengi hawakuvuka miaka 40. Watu wakasema ndivyo Mungu alivyowaumba, hawaishi sana. Si kweli. Ni jua, na jua linazuilika.

Walimu wa kituo hawakukaa ofisini kuwasubiri. Gari lilitoka Moshi likiwa na daktari, wanafunzi na muuguzi kwenda kukagua ngozi vijijini. Magamba ya mwanzo yanagandishwa kwa naitrojeni yenye baridi kali, jambo la dakika chache. Hapa tumtaje na dereva, ambaye katika taarifa za miradi huandikwa kwenye fungu la mafuta ya gari tu, wakati bila yeye kliniki ya kijijini haipo.

Huko vijijini waliona ushauri wao una tundu. Ukimwambia mama ampake mtoto mafuta ya kukinga jua, mama anauliza ayapate wapi. Yaliyokuwapo yalitoka nje kwa bei isiyosemeka, au yalikuja kama msaada, leo yapo, kesho hayapo. Ndipo mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, pamoja na wenzake wa hapo KCMC, walipoanza kuyatengeneza Moshi kwenyewe, katika miaka ya mwanzo ya 2010. Kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani ikasaidia malighafi na utaalamu. Mafuta hayo yanaitwa Kilisun, na yalibuniwa kwa ajili ya ngozi ya mtu mwenye ualbino na kwa jua hili hili letu. Miongoni mwa waliofundishwa kuyatengeneza wamo watu wenye ualbino. Hapo ndipo tunaposema hongereni sana, walimu na watumishi wote.

Na sisi je? Ni haki tuseme na yetu. Mwaka mmoja ofisi yetu ya miradi ilipata fedha za kofia kwa watoto wenye ualbino. Tukanunua zile za michezo, zenye ukingo mbele tu, kwa sababu zilikuwa rahisi na tuliweza kuchapa jina la mradi. Tukapiga picha, tukapeleka taarifa kwa wafadhili. Ofisa tabibu mmoja aliyesoma Moshi alipoziona alituuliza swali moja tu: masikio mmeyaacha kwa nani? Hatukuwa na jibu. Kofia inayofaa ina ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, ufunike masikio na shingo. Picha zile bado zipo ofisini, na tukizitazama tunaona haya.

Kosa la pili tulilijua kwa mama mmoja. Tulimpa mafuta ya mwanawe tukitegemea yafike robo mwaka. Hayakumaliza mwezi. Tulipomfuata alisema, "Yananukia vizuri, na mdogo wake analia, ningemnyimaje?" Hatukumlaumu. Sisi ndio tuliogawa mafuta bila kukaa na familia nzima, baba, bibi na watoto wengine, tuwaeleze kuwa hii ni dawa ya mmoja wao. Siku hizi muuguzi hampi mzazi chombo akiwa peke yake kama ndugu wengine wapo nyumbani.

Matumizi mtayaona kwa vitendo baada ya chai, kwa hiyo hatutarefusha. Yapakwe asubuhi kabla ya kutoka, yarudiwe mchana, pasisahaulike nyuma ya masikio na midomo. Mafuta hayaondoi haja ya mikono mirefu na kivuli. Na walimu wa shule mliopo, mtoto huyo haoni vizuri ubaoni hata akivaa miwani. Akae mbele, mbali na dirisha lenye jua kali.

Limebaki jambo zito. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino zaidi ya 16,000 nchini. Ili tuagize mafuta ya kutosha tunahitaji kujua wa kwetu ni wangapi. Lakini tunajua pia kwa nini wazazi wengine wanaficha watoto. Mauaji yaliyotikisa nchi hii kuanzia miaka ya 2006 na 2007 hayajasahaulika, na orodha yenye jina, kijiji na njia ya kufika nyumbani inaweza kumsaidia muuguzi, na inaweza kumsaidia muuaji. Mzazi mmoja wa hapa ametuambia wazi kwamba hataki jina la binti yake liandikwe popote. Tulitaka kumshawishi. Baada ya kujadiliana ofisini tumeona hofu yake ina msingi kuliko fomu yetu.

Kwa hiyo fomu zile mlizopewa asubuhi tunaomba mzirudishe zote, hata zilizojazwa. Mpya zina nafasi ya idadi na umri tu. Majina yabaki kwa muuguzi mmoja wa kila zahanati, katika daftari linalofungiwa kabatini, na yasisomwe kanisani wala kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, hata kwa nia njema ya kuwaombea. Mzazi asiyetaka kuandikwa apewe mafuta vile vile. Katibu wetu ameketi pale mlangoni na boksi la fomu mpya. Mkimaliza chai mpitie kwake.